Maneno ya Milio: Historia ya Sauti za Kila Siku katika Kijapani

Katika lugha ya Kijapani, maneno yanayoiga sauti na hali za mambo ni mengi kiasi cha kutungiwa kamusi zake mahususi, na mojawapo ya kamusi hizo, iliyotolewa mwaka 2007 na shirika la uchapishaji la Shogakukan la Tokyo, ilikusanya maneno yapatayo 4,500. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa kirefu namna maneno haya yanavyofanya kazi, kwa kuwa lugha yake nayo inayo: mzigo huanguka pu, jiwe hutumbukia majini chubwi, mtoto hulala fofofo, na kanzu iliyofuliwa vizuri huwa nyeupe pe. Vitabu vya shule nchini Kenya huyaita tanakali za sauti, na wapo wanaisimu wanaoyaita viigizi, jina litakalotumika hapa kwa kuwa ni fupi na huyachukua hata yale yasiyoiga sauti yoyote inayosikika. Jambo linalostahili kuelezwa ni historia yake, kwa sababu wengi, Wajapani wenyewe wakiwamo, hudhani kwamba viigizi havina historia, kana kwamba mbwa alibweka vivyo hivyo tangu mwanzo wa dunia na mwandishi wa kila zama hakuwa na kazi ila kunakili. Maandishi yaliyosalia yanakanusha dhana hiyo. Kila kizazi cha Wajapani kilisikia kwa masikio yaliyozoeshwa na matamshi ya lugha yake, kikaandika kwa hati iliyokuwapo, na kikakutana na vyombo na wanyama wa zama zake, na kwa hiyo viigizi vimehifadhi habari za maisha ya kila siku ambazo kumbukumbu za serikali na za mahekalu hazikuona haja ya kuziandika.

Wanaisimu wa Japani huvigawa viigizi katika mafungu. Giseigo ni maneno yanayoiga sauti za viumbe hai, kama wanwan ya mbwa na gerogero ya chura. Giongo huiga sauti za vitu visivyo na uhai, kama zāzā ya mvua kubwa na tonton ya kisu kwenye ubao wa kukatia mboga. Gitaigo haiigi sauti hata kidogo, bali huchora jinsi jambo linavyoonekana au linavyogusika, kama kirakira ya nyota zinazometa na nurunuru ya kitu chenye utelezi. Mwaka 1978 mwanaisimu Kindaichi Haruhiko, alipoandika utangulizi wa kamusi ya viigizi iliyohaririwa na Asano Tsuruko, aliyatenga pia maneno ya mienendo ya viumbe hai na maneno ya hisia za moyoni, kama iraira, ambayo ni hali ya mtu aliyekereka na kukosa subira. Jina la jumla linalotumika zaidi siku hizi, onomatope, limetoka Kifaransa. Mipaka ya mafungu haya haikai imara, maana gorogoro ni ngurumo ya radi, ni mwendo wa jiwe kubwa linalobingirika, na ni hali ya mtu anayejinyoosha nyumbani siku nzima bila kufanya lolote.

Kiigizi mashuhuri kuliko vyote vya kale kimo katika Kojiki, kitabu kikongwe zaidi cha Kijapani kati ya vilivyosalia, kilichotungwa na Ō no Yasumaro na kukabidhiwa kwa mfalme mwanamke Genmei mwaka 712. Katika simulizi ya kuumbwa kwa visiwa, miungu wawili, Izanagi na Izanami, wanasimama juu ya daraja la mbinguni, wanachovya mkuki wenye vito baharini na kuyakoroga maji ya chumvi, na sauti ya ukorogaji huo imeandikwa koworokoworo. Wakati huo Wajapani hawakuwa na hati yao wenyewe, wakiandika kwa herufi za Kichina ambazo kila moja ina maana yake. Lakini alipofika kwenye neno hili Yasumaro aliziacha maana za herufi na kuzitumia kwa sauti zake peke yake, kwa kuwa mlio ulipaswa kusikika kama ulivyosimuliwa kwa mdomo. Katika kitabu kilichobeba nasaba za wafalme na majina ya miungu, mwandishi aliona kwamba sauti ya maji yanayokorogwa nayo ilistahili kutunzwa silabi kwa silabi.

Mkusanyiko wa mashairi uitwao Man'yōshū, wenye mashairi zaidi ya 4,500, ambalo la mwisho kati ya yale yenye tarehe ni la mwaka 759, una ushahidi wa aina nyingine, na huenda ndio unaovutia zaidi katika historia hii yote. Waandishi wake walipenda kucheza na herufi, na katika shairi moja walihitaji kuandika neno ibuseku, linaloeleza moyo uliozongwa na dhiki. Silabi ya kwanza, i, waliiandika kwa herufi mbili zenye maana ya sauti ya farasi, na silabi ya pili, bu, kwa herufi zenye maana ya mlio wa nyuki, kisha wakaendelea na majina ya wanyama wengine mpaka neno lote na lililolifuata yakajaa viumbe. Fumbo hilo haliwezi kufumbuliwa ila na msomaji ambaye kwake farasi hulia i na nyuki hulia bu. Nyuki hana tatizo, kwa kuwa hata leo Wajapani husema bunbun. Farasi ndiye mwenye swali, maana Mjapani wa leo humsikia akilia hin au hihīn, na hakuna mtoto anayemwigiza kwa i tupu.

Aliyelijibu swali hilo ni Hashimoto Shinkichi (1882–1945), mmoja wa mabingwa wa historia ya matamshi ya Kijapani, katika insha fupi kuhusu mlio wa farasi. Maelezo yake yanategemea badiliko moja kubwa: sauti ambayo leo ni h katika Kijapani haikuwa h hapo kale, bali ilianza kama p, ikalegea ikawa sauti ya midomo miwili inayokaribia f, na ni katika enzi ya Edo, kati ya mwaka 1603 na 1868, ndipo ilipokuwa h inayotoka kooni. Mtu wa karne ya 8 hakuwa na silabi hi katika kinywa chake, na silabi ya mahali pake, iliyotamkwa kwa midomo, haikufanana kabisa na mlio wa farasi, ndiyo maana alichagua irabu tupu. Silabi hi ilipopatikana, farasi naye akaanza kulia hin. Kitenzi inanaku, kinachotumika hadi leo kwa maana ya farasi kulia, kimebaki na ile i ya kale mwanzoni mwake, ingawa wanaokitumia hawaitambui. Kwa njia hii mlio mmoja wa mnyama ukawa kipimo cha matamshi ya taifa zima kwa zaidi ya miaka elfu moja, na ni vigumu kutaja ushahidi mwingine uliokuja kwa bei ndogo hivyo.

Habari za mbwa zina mzunguko zaidi. Katika Ōkagami, kitabu cha historia kilichoandikwa mwishoni mwa enzi ya Heian, inasimuliwa habari ya mhubiri mmoja wa Kibudha aliyeongoza ibada ya kumwombea mbwa aliyekufa, akasema kwamba bila shaka marehemu wakati huo alikuwa juu ya kiti cha yungiyungi peponi akibweka hiyo. Wasomaji wa karne za baadaye walishangazwa na mbweko huo, kwa kuwa hiyo huwakumbusha kifaranga na si mbwa. Mtaalamu wa historia ya Kijapani Yamaguchi Nakami alilifuatilia jambo hili katika maandishi ya zama nyingi, na mwaka 2002 akatoa kitabu ambacho jina lake lenyewe lilitangaza kwamba mbwa alikuwa akibweka biyo. Chanzo cha utata kilikuwa hati. Hiragana, hati ya silabi iliyotokana na herufi za Kichina zilizorahisishwa, haikuwa na desturi imara ya kutia vile vialama viwili vinavyoitofautisha b na h, hivyo herufi moja iliweza kusomwa hi, bi au pi, na mwandishi aliwaachia wasomaji wa zama zake, waliowasikia mbwa wao wenyewe, kazi ya kujua kipi kinakusudiwa. Waigizaji wa kyōgen, vichekesho vya jukwaani vilivyoanza kuchezwa karne ya 14, wamerithishana mbweko wa byō byō kutoka kwa mwalimu hadi mwanafunzi mpaka leo, na sauti hiyo ya jukwaani ndiyo inayouthibitisha usomaji wa biyo.

Neno wan, ambalo leo hutajwa na kila mtoto wa Kijapani, lilianza kuonekana katika enzi ya Edo na hatimaye likalifuta biyo katika maisha ya kawaida. Yamaguchi alipendekeza kwamba nyuma ya badiliko la neno kulikuwa na badiliko la mbwa mwenyewe: mbwa wa kale aliyezurura nje, akilia kwa sauti ndefu ya tahadhari, alitoa nafasi kwa mbwa aliyezoeana na watu mijini na kubweka kwa mkato mlangoni. Pendekezo hilo haliwezi kuthibitishwa kwa uhakika wa hesabu, lakini lina nguvu kwa sababu linatambua kwamba anayesikia na anayesikiwa wote wana historia. Paka naye ana nafasi yake katika fasihi: katika hadithi ya Genji, iliyoandikwa na Murasaki Shikibu mwanzoni mwa karne ya 11, kijana Kashiwagi, aliyezongwa na mapenzi yasiyowezekana, anamchukua paka wa mwanamke anayemtamani, na mlio wake, neu neu, unamfikia kama mwaliko wa kulala pamoja.

Sauti p, iliyopotea katika maneno ya kawaida, haikupotea katika viigizi. Mwishoni mwa karne ya 19 Ueda Kazutoshi, msomi aliyeingiza mbinu za isimu ya Ulaya katika Chuo Kikuu cha Tokyo, alitetea kwamba h ya Kijapani ilikuwa p hapo awali, na hoja hiyo inaonekana wazi mtu anapoweka maneno ya jamii moja bega kwa bega. Kitenzi cha kung'aa ni hikaru, ilhali kiigizi cha kung'aa ni pikapika. Kifaranga huitwa hiyoko, ilhali mlio wake ni piyopiyo. Neno la kawaida lilifuata mabadiliko ya matamshi pamoja na lugha yote, nalo lile la mlio likakaa pale pale midomoni, kwa kuwa kila aliyelitumia aliendelea kulifananisha na kitu chenyewe. Watu wa mataifa mengine wameizoea pika hiyo bila kujua nasaba yake, maana Pikachu, kiumbe wa michezo ya Pokémon iliyoanza mwaka 1996, ameunganishiwa jina kutokana na pika ya mwanga wa umeme na chū, mlio wa panya.

Shahidi mwingine wa sauti hiyo alitoka mbali, na njia yake ilipita katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1582 wamisionari wa shirika la Wajesuti waliwatuma vijana wanne wa Kijapani kwenda Ulaya, na walipokuwa wakirudi, baada ya kuondoka Lisbon mwaka 1586, walilazimika kukaa miezi kadhaa katika Kisiwa cha Msumbiji wakingoja upepo kabla ya kuendelea hadi Goa, na hatimaye wakafika Nagasaki mwaka 1590 wakiwa na mtambo wa kuchapa wa Kizungu. Uchapaji ulioanzishwa kwa safari hiyo ndio uliozaa kamusi ya Kijapani na Kireno iliyochapwa Nagasaki mwaka 1603, pamoja na nyongeza yake ya mwaka uliofuata, yenye maneno kama 32,000. Wamisionari hao waliiandaa ili waelewe maungamo na mazungumzo ya watu wa kawaida, kwa hiyo hawakuyabagua maneno ya mitaani, na viigizi vya mvua, machozi, nyayo na vyombo vimo humo kwa wingi, vikiwa vimefafanuliwa kwa Kireno. Jambo la thamani zaidi ni kwamba waliandika kwa herufi za Kilatini, ambazo haziruhusu utata wa hiragana: b ni b, p ni p, na mahali ambapo Mjapani wa leo husema h wao waliandika f.

Katika kyōgen viigizi vina kazi ambayo hakuna maandishi yanayoweza kuionyesha kikamilifu. Jukwaa lake halina pazia wala mandhari, na vyombo vinavyobebwa na waigizaji ni vichache, kwa hiyo kila mlango unaofunguliwa na kila chungu kinachovunjika hutolewa na kinywa cha mwigizaji. Mchezo wa Busu, unaojulikana na karibu kila aliyesoma Japani, unaonyesha ufundi huo kwa ukaribu. Bwana mmoja, kabla ya kusafiri, anawakabidhi watumishi wake wawili kasha na kuwaambia kwamba ndani mna sumu kali ambayo hata upepo wake huua. Watumishi wanalifungua, wanagundua kuwa ni sukari, na wanaila yote. Ili wapate kisingizio wanachana picha ya thamani iliyotundikwa ukutani, na mwigizaji, mikono yake ikivuta karatasi isiyokuwapo, anatamka sarari, sarari, kwa sauti inayotiririka kama karatasi inayoachana polepole; kisha wanainua bakuli la thamani na kulibwaga, na vinywa vyao vinatoa gwararin, mpasuko mzito wa kauri, na mara baada yake chīn, mwangwi mwembamba wa kipande cha mwisho kinachotulia sakafuni. Bwana anaporudi wanamlilia wakisema kwamba waliiharibu mali yake kwa bahati mbaya na wakaila ile sumu ili wafe, lakini kifo kimekataa. Kicheko cha watazamaji huanzia kwenye yale maneno mawili, kwa kuwa hakuna bakuli lolote jukwaani na kila mmoja amelisikia likivunjika.

Mchezo mwingine wa aina hiyo, uitwao Kane no ne, umejengwa juu ya milio peke yake. Mtumishi aitwaye Tarō Kaja anatumwa Kamakura kuuliza bei ya dhahabu, lakini maneno ya bwana wake yanaweza pia kumaanisha sauti ya kengele, naye anazunguka kutoka hekalu hadi hekalu akigonga kengele na kuzilinganisha. Kila kengele hupewa mlio wake na mwigizaji, na ya hekalu la Kenchōji, ambayo kengele yake halisi ilisubiwa mwaka 1255 na ingali inatundikwa mahali pake, hulia jan mon mon, huku mwigizaji akiurefusha mwangwi wake mpaka ufifie.

Enzi ya Edo ilivitoa viigizi jukwaani na hekaluni na kuvishusha mitaani. Miji ilijaa watu wa biashara na mafundi waliojua kusoma, na wachapaji waliwauzia vitabu vya kuchekesha vilivyoandikwa kama watu walivyosema. Shikitei Sanba, katika kitabu chake kuhusu mazungumzo ya nyumba ya kuogea ya umma, kilichotoka kwa sehemu kati ya mwaka 1809 na 1813, alijali sauti kiasi cha kubuni alama maalumu ya kuonyesha matamshi ya watu wa mashamba.

Mfumo wa viigizi kwa wakati huo ulikuwa umekwisha kujengeka kwa namna ambayo ingali hai, nao una kanuni zinazoshangaza kwa uthabiti. Shina huwa na silabi mbili, na namna linavyomaliziwa hueleza jinsi tendo lilivyokwenda. Kwa mfano, shina koro hueleza kitu kinachobingirika: korokoro ni kubingirika mfululizo, korori ni kubingirika mara moja na kutulia, koron ni kubingirika huku mwangwi ukibaki. Konsonanti ya mwanzo ikigeuzwa kutoka sauti sighuna, isiyotikisa nyuzi za koo, kuwa sauti ghuna, inayozitikisa, kitu kinakuwa kikubwa, kizito au cha kuudhi, hivyo gorogoro si kokoto tena bali ni jiwe kubwa. Kwa kanuni hiyo tonton ya kisu jikoni, au ya kidole kinachobisha mlango kwa adabu, inakuwa dondon ya ngoma au ya ngumi mlangoni. Jikoni pana msamiati mzima: kotokoto ni chungu kinachotokota kwa moto mdogo, gutsugutsu ni mchuzi unaochemka kwa nguvu, jūjū ni nyama juu ya chuma cha moto, na mpishi anayefundisha mwanafunzi hupima moto kwa maneno haya kabla ya kutaja dakika. Mvua nayo hupimwa hivyo, kuanzia potsupotsu ya matone ya kwanza, kupitia shitoshito ya manyunyu ya kimya, hadi zāzā.

Mwaka 1884 yalitokea mambo mawili kwa pamoja, sauti ya viatu na mbinu mpya ya kuandika. San'yūtei Enchō, msimuliaji mashuhuri wa hadithi wa Tokyo, aliisimulia hadithi yake ya mzimu wa mwanamke anayekuja usiku na taa yenye picha za maua ya botani, na waandishi wa hati mkato walimwandika neno kwa neno na kuichapisha. Hati mkato ni mwandiko wa haraka unaoweza kwenda sambamba na mtu anayesema, na kwa Japani hicho kilikuwa kitabu cha kwanza kutolewa kwa njia hiyo. Mzimu wa Kijapani kwa desturi hauna miguu, lakini huyu hutangulizwa na mlio wa geta, viatu vya mbao, ukiukaribia uzio kwa karan koron, karan koron. Mlio huo uliingia kitabuni kwa sababu ulitoka kinywani mwa Enchō na hapakuwa na mhariri wa kuusafisha. Futabatei Shimei, mwandishi wa riwaya ya kwanza ya kisasa ya Kijapani, alieleza baadaye kwamba alipomwomba mhakiki wa fasihi Tsubouchi Shōyō ushauri wa namna ya kuandika, aliambiwa aandike kama Enchō anavyosema. Ndivyo fasihi mpya ilivyochota katika usimulizi wa jukwaani, ingawa deni hilo halikutajwa sana baada ya riwaya kupata heshima.

Heshima hiyo ilikuja na dharau kwa viigizi. Mwandishi wa riwaya Mishima Yukio, katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu ufundi wa uandishi, aliviona kuwa vinaishusha hadhi ya nathari, na akamsifu mwandishi Mori Ōgai kwa kuvitumia kwa uchache. Hoja yake haikosi uzito, maana mwandishi mvivu huweza kujificha nyuma ya mlio badala ya kuelezea. Hata hivyo, kazi za Miyazawa Kenji (1896–1933), mwalimu wa kilimo na mshairi wa Hanamaki katika mkoa wa Iwate, zinaonyesha kwamba hukumu hiyo ilikuwa finyu. Katika mkusanyiko wa hadithi alioutoa mwaka 1924, ambao haukuuzika alipokuwa hai, mna hadithi ya nguzo za simu zinazopiga gwaride usiku kando ya reli, na milio ya mwendo wao haikuwahi kuwamo katika kamusi yoyote. Miyazawa aliibuni kwa kufuata kanuni za mashina na miishio ambazo kila Mjapani anazo tangu utotoni, kwa hiyo msomaji huielewa mara ya kwanza anapoiona.

Mashine zilileta milio mipya, na baadhi ya milio hiyo ikawa majina ya kazi na ya vyombo. Tramu za Tokyo, zilizoanza mwaka 1903, ziliitwa chinchin kwa kengele ambayo kondakta aliivuta kumpa dereva ishara ya kuondoka, na jina limebaki hata baada ya karibu njia zote kufungwa kufikia mwaka 1972. Wanamuziki wanaozunguka mitaani wakitangaza maduka kwa kengele na ngoma wakaitwa chindon'ya, chin ikiwa ya kengele na don ya ngoma. Mwaka 1952 hoteli ya chakula ya Suehiro ya mjini Osaka iliuita mlo wake wa nyama nyembamba inayochovywa katika maji ya moto shabushabu, kwa mlio wa kitu kinachosuuzwa majini. Na mwaka 1967 kampuni ya Hayakawa, ambayo leo ni Sharp, ilitoa maikrowevu yenye kengele ya kujulisha kwamba chakula kimepata moto, kwa mfano wa kengele ya baiskeli, na kutokana na mlio wake likazaliwa tendo la chin suru, kupasha chakula moto. Katika uchunguzi wa lugha wa serikali wa mwaka wa fedha 2013, watu wapatao asilimia 90 walisema kwamba hulitumia neno hilo, ilhali maikrowevu za wakati huo nyingi zilikuwa zimeacha kengele na kulia pī. Hapo inaonekana tena tabia iliyoonekana kwa farasi: mlio ukishapata nafasi katika kitenzi hudumu kuliko kitu kilichoutoa.

Istilahi inayotumika leo katika kuvichambua viigizi ina asili yake katika bara la Afrika. Clement Doke, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand mjini Johannesburg, alipotoa mwaka 1935 kitabu cha istilahi za isimu ya lugha za Kibantu, aliona kwamba maneno haya hayatoshi kuwekwa kama tawi la vielezi, akayapa jina mahususi, ideophone, na nafasi yake kama aina kamili ya maneno. Istilahi hiyo ikasambaa, na wachunguzi wanaoandika kuhusu Kijapani katika lugha za Ulaya huitumia bila kukumbuka mara zote kwamba iliundwa kwa ajili ya jamii ya lugha ambayo Kiswahili kimo ndani yake. Nchini Japani kwenyewe utafiti umetoka pembezoni: kitabu cha Imai Mutsumi na Akita Kimi cha mwaka 2023, kinachoanza na viigizi ili kuuliza lugha ilianzaje, kilishinda tuzo kuu ya vitabu vya bei nafuu vya elimu mwaka uliofuata.

Umuhimu wa kuvichukulia viigizi kwa uzito ulidhihirika kwa uchungu baada ya tetemeko la ardhi na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 katika eneo la Tōhoku, kaskazini-mashariki mwa Japani, ambako ndiko Miyazawa alikotoka. Madaktari na wauguzi walikuja kutoka mikoa mingine kuwahudumia walionusurika, wengi wao wazee, na mgonjwa wa Kijapani huyaeleza maumivu yake kwa viigizi: zukizuki ni maumivu yanayopwita, chikuchiku ni ya kuchomachoma kama sindano, kirikiri ni ya kukeketa tumboni, gangan ni ya kichwa kinachogonga. Maneno hayo ni ya lugha sanifu, lakini wazee wa Tōhoku walikuwa na yao ya lahaja, ambayo wageni hawakuyaelewa na ambayo wenyewe walishindwa kuyatafsiri, kwa kuwa kwao hayakuwa maelezo ya maumivu bali ndiyo maumivu yenyewe. Mwaka 2012 Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kijapani na Isimu ilitoa kijitabu cha viigizi vya lahaja za Tōhoku pamoja na mifano ya matumizi yake, kilichokusudiwa watumishi wa afya, ili daktari aliyesikia neno la mgonjwa ajue kama aanze kupima kichwa, kifua au tumbo.